Foleni kwa Daktari Khisa

Jumatano hiyo ya mwaka wa 2006, Nanyama alifungwa bendeji kwenye mguu usiouma. Aliyemfunga ni Daktari Khisa, mwenye kliniki ndogo karibu na soko la Bungoma, mzee wa kanisa lao, aliyesimamia mazishi ya mume wake mwanzo hadi mwisho. Mtu kama huyo akikuomba jambo, utaanzia wapi kukataa?

Afisa wa serikali alikuwa anakuja. Serikali ilitaka kujua hizi kliniki ambamo mtu hutibiwa na kurudi kwake zinachangia kiasi gani katika uchumi wa nchi. Jana yake afisa alikuwa Kitale.

"Huko Kitale amekuta watu wamejaa mpaka nje," Khisa aliwaambia akina mama wa kanisa. "Akikuta kwangu kukavu, ataandika Bungoma si kitu, na dawa zote zitaenda huko. Kaeni tu kwa benchi. Sijasema mdanganye."

Nanyama alikuwa ameomba asubuhi, kama kawaida yake. Kwa jambo hili hakuomba. Aliogopa kujibiwa.

"Tumbo ni langu," Viola alinong'ona pale kwenye benchi. "Wewe Edinah tafuta ugonjwa yako."

"Ati tumbo! Na vile ulimaliza chapati kwa harusi?"

"Si ndiyo hizo zinauma, bana!"

Wakacheka, leso zimeziba midomo. Mara afisa akaingia, msichana mpole aitwaye Mwihaki, akakaa pembeni na kalamu yake. Akawauliza mmoja mmoja anaumwa nini na atalipaje. Khisa akamwita Viola, akaanza kumpima tumbo taratibu, mlango wazi, ili afisa aone kazi.

Hapo ndipo alipofika mwanamke kijana kutoka Cheptais, jina lake Chelagat, mtoto mgongoni ndani ya shuka.

"Wa mwisho kwa laini ni nani?"

"Ni mimi," Nanyama akajibu. Neno lilitoka kabla hajalipima.

Benchi lilikuwa limejaa, kwa hiyo Chelagat akaketi sakafuni, karibu na miguu ya Nanyama, akampakata mtoto. Joto la yule mtoto Nanyama alilisikia likipenya bendeji mpaka kwenye ngozi. Akajua. Amelea watano, joto la namna ile analijua. Lakini nikiinuka, alijiambia, afisa atauliza kwa nini, na mzee wetu ataaibika mbele ya watu. Acha Viola amalize. Viola akamaliza, akaitwa Edinah. Basi acha Edinah amalize.

"Mama, naomba unipishe," Chelagat akasema. "Amekataa kunyonya tangu jana."

Nanyama akaitazama kalamu ya afisa.

"Vumilia kidogo, mwanangu. Sote hapa ni wagonjwa."

Hakupita muda, mikono ya mtoto ikakakamaa, macho yakageuka yakawa meupe.

"Daktari!" Nanyama alipiga ukelele. "Mwache huyo Edinah, haumwi! Hakuna anayeumwa hapa!"

Khisa akaja mbio. Tumtendee haki: kazi yake aliijua. Akamdunga mtoto sindano, akampangusa kwa maji, degedege likatulia. Akasema apelekwe hospitali kubwa sasa hivi, damu imepungua, lazima aongezwe. Nyuma yake benchi lilikuwa likibaki tupu. Akina mama walitoka mmoja mmoja bila kuagana, migongo imenyooka. Edinah peke yake alimnong'oneza afisa kwamba walikaa pale ili dawa zisiende zote Kitale.

"Lakini mimi sileti dawa," Mwihaki alisema, kalamu ameiweka chini. "Kazi yangu ni kupima tu. Nani aliwaambia naleta dawa?"

Khisa akainamia barua ya hospitali, akaandika.

Teksi ikapatikana. Nanyama akafungua mlango, akanyoosha mikono.

"Nipe nimshike, uingie vizuri."

Chelagat akamwangalia. Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyomchoma Nanyama.

"Kumbe mlikuwa mmekaa tu?"

Mikono ya Nanyama ilibaki imenyooshwa.

"Wacha, mama. Nitambeba mwenyewe."

Akaingia kwa shida, kichwa cha mtoto kikagusa kiti, akakirudisha kifuani. Nanyama akabaki ameshika mlango wazi, mpaka dereva alipomwambia aufunge, wanachelewa.