Mlango Uliorudishwa

Kabla ya kupasuliwa, Mama alitaka kitu kimoja tu: watoto wake watatu walale naye chini ya paa moja, siku mbili. Nyumbani kwa yeyote kati yao hapakuwa na nafasi, basi kundi la simu la familia likawaka moto wiki nzima. Mmoja akataja mji wenye ziwa, akaambiwa ziwa ni la wenye pesa. Mwishowe dada mkubwa, muuguzi asiye na subira na mtu asiye mgonjwa, akakata shauri. Waende mji wa katikati ambao kila mtu atafika kwa basi moja, walale nyumba ya wageni ya bei ya chini, na mwenye mawazo mengine aje na pochi yake.

Mjusi, kitindamimba, hakuandika neno hata moja. Jina hilo alilipata enzi zake za kuezeka, alipokuwa akipanda kuta kana kwamba ana gundi viganjani. Sasa ulikuwa mwaka wa sita yuko kwenye kiti cha magurudumu, na jina lilibaki kwa sababu hakuna aliyejua la kuweka badala yake.

Seremala, kaka yake, aliuelewa ukimya ule. Tangu aanguke kutoka juu ya paa, Mjusi hakuwahi kulala nje ya chumba chake. Kitanda hakikuwa shida yake, shida ilikuwa choo. Hospitali walimbeba kwenda chooni miezi minne, akaapa kwamba hatabebwa tena na mtu, hata kama ni kufa. Seremala akampigia simu. Mjusi akasema atakuja kwa sharti moja, aingie chooni mwenyewe na atoke mwenyewe.

"Ukipima milango wewe, nakuja," alisema, akakata simu.

Maneno hayo seremala alitembea nayo siku nzima. Mbao za kubeba mabati za lile paa alikuwa amezikata na kuzipiga yeye. Ilipovunjika moja na Mjusi akaenda nayo chini, watu walisema ililiwa na mdudu. Seremala aliwaacha waseme.

Jumanne asubuhi akapanda basi, tepu ya kupimia mfukoni. Nyumba ya kwanza vyumba vyote vilikuwa ghorofani, na msichana wa mapokezi akamwambia asijali, vijana wa kubeba wapo. Ya pili ilikuwa na njia nzuri ya kiti, lakini aliposikia bei akaaga kwa adabu. Ya tatu ilikuwa nyuma ya gereji ya matairi, kuta za kijani kama wodi, harufu ya dawa ya mende hadi barabarani. Bei yake iliwatosha. Alipima geti, akapima korido, akapima mlango wa chumba. Akapima choo, ambacho kilikuwa wazi. Mwenye nyumba alieleza kwamba mlango ulivimba kwa maji, fundi ameuchukua kuuranda. Upana wa fremu ulikuwa sentimita sitini na nane. Kiti cha Mjusi kilikuwa sitini na sita. Seremala alipima mara tatu, akaandika namba kiganjani kwa penseli, akatuma ujumbe: kinapita.

Walifika Ijumaa mchana. Mama aliwekwa kwenye kochi karibu na dirisha, shuka miguuni, akawa anawatazama mmoja mmoja kama anayehesabu. Kwa saa moja mambo yalikuwa mazuri.

"Dada, umetuleta mapumzikoni au umetulaza wodini kwako?" Mjusi aliuliza.

"Wodini kwangu wagonjwa hawana mdomo kama wako."

Mama akacheka mpaka akakohoa. Mjusi akageuza kiti, akashika korido kwenda chooni peke yake.

Seremala alisikia chuma kikigonga mbao, na kabla hajasimama alishajua. Mlango wa choo ulikuwa umerudishwa. Ulifungukia ndani, ukakomea kwenye sinki, na unene wake ukabaki umesimama ndani ya fremu. Sentimita nne. Alikuwa amefanya kazi ya milango miaka ishirini na tano, na bado alipima tundu akasahau kwamba tundu hilo lina mlango wake.

Mjusi alikuwa ameganda, mikono kwenye magurudumu, shingo inatoka jasho. Dada akaja amekunja mikono ya gauni, akamwambia seremala ampishe ambebe Mjusi, hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku.

"Usiniguse," Mjusi alisema kwa sauti ndogo.

Seremala alikimbilia jikoni. Bisibisi zake zote zilikuwa nyumbani, akachukua kisu cha mezani, akapiga magoti na kufungua skrubu za bawaba moja moja, huku mdogo wake akihema juu ya kichwa chake. Akautoa mlango, akauegemeza ukutani. Kiti kikapita. Lakini sasa choo kilikuwa wazi, na korido ni njia ya wapangaji wote. Basi seremala akasimama katikati ya fremu, mgongo ndani, uso nje, mikono ameitanua huku na huku.

"Kaka."

"Naam."

"Siku ile ya paa. Ulipima?"

Kwa miaka sita alikuwa na jibu tayari, la mdudu. Alilitafuta, akaliona halina maana.

"Sikupima. Nilikadiria kwa jicho. Mvua ilikuwa inakuja, nikataka tumalize."

Bomba lilidondosha maji. Mpangaji mmoja akapita na ndoo, akatazama chini.

"Nilijua," Mjusi alisema. "Nilianguka nimeishika ile mbao. Haikuwa na tundu hata moja la mdudu. Nilikuwa nangoja useme."

Seremala akaanza kugeuza kichwa.

"Usigeuke."

Hakugeuka.

Mjusi hakuondoka. Alikaa siku zote mbili kwa ajili ya Mama, akala nao, akamchekesha. Lakini hakumwita tena kaka. Kila alipotaka kwenda chooni aliita akiwa hapo hapo mezani, mbele ya wote, "Mlango," na seremala aliacha sahani yake, akatangulia koridoni, akasimama kwenye fremu.

Mama alidhani ni utani wao. Alicheka kila mara.