Vigingi Vyeupe vya Lindi

Vile vigingi Hayat alivipaka rangi nyeupe kwa mkono wake mwenyewe. Alitaka kila apitaye ajue kwamba kutoka hapo hadi mtoni ni mahali pa matete na ndege, si pa kutupa taka. Hiyo ndiyo kazi aliyorudi kuifanya Lindi, mtaa wa mabanda alikozaliwa, alipomaliza chuo. Gikonyo alimletea kwa mkokoteni majani ya kabichi na maganda ya ndizi kutoka soko la Kawangware. Yakioza yaligeuka mbolea, na mbolea ikalisha miche ya ukingoni.

Wafadhili waliweka sharti moja: mbolea isitumike nje ya vigingi. Wakazi walio ndani walijaza mbolea magunia, wakapanda sukuma wiki mlangoni. Nyumba ya Akeyo, Mama Tonny kwa majirani, ilikuwa juu kidogo, nje ya mstari.

"Kwani mimi nikule ugali na chumvi?" Akeyo alimwuliza siku moja, kajishika kiuno. "Na ni mimi nageuza hiyo uchafu yako kila asubuhi. Msomi, sogeza hiyo kijiti nyuma ya choo yangu. Ardhi haitalia."

Hayat alicheka. Akaking'oa kigingi, akakichomeka nyuma ya choo. Majirani nao wakaomba, akawasogezea. Moyo wake ulijaa siku ile. Aliona mto umepata marafiki.

Mvua kubwa ikaja, mto ukafurika, ikatoka amri kwamba nyumba za ukingoni, zote zilizo ndani ya vigingi, zibomolewe. Asubuhi tingatinga liliposhuka, Hayat alimkimbilia msimamizi wa bomoabomoa, viatu vimejaa matope.

"Bosi, hii nyumba haimo. Kigingi kilikuwa kule chini."

"Nani alikitoa?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Hayat alimwangalia Akeyo, aliyekuwa akitoa godoro. "Apate mbolea," alisema.

Msimamizi alikinyooshea kidole kigingi cheupe. "Mradi wa kulinda mto ni wako. Vigingi ni vyako. Sasa unataka nikaulize nani mwingine mto unaishia wapi?"

"Nipe hadi kesho nilete vipimo vya kwanza."

"Dada, kesho tuko kwingine."

Akamwashiria dereva.

Mabati yalikunjika kama karatasi. Ukuta wa udongo haukutoa hata sauti ya maana. Gunia la sukuma lilibaki wima mbele ya kilichokuwa mlango, majani yake mapana na mabichi, mazuri kuliko yote Lindi.

"Mama Tonny," Hayat aliita.

Akeyo hakugeuka. Alikuwa akiyavunja majani ya sukuma moja moja na kuyaweka kwenye beseni, kama ilivyo desturi yake kabla ya kupika. Alipofikia lile la mwisho alisimama, akamtazama.

"Niliomba mwenyewe," alisema. "Hiyo ndiyo inaniuma. Hata siwezi kukutukana vizuri."

Akajitwika godoro, akashika njia ya Gatwekera, mtaa jirani, kwa dada yake.

Mkokoteni ukasikika ukiteremka. Gikonyo, jasho likimtiririka, magunia ya kabichi yamepangwa hadi juu, alisimama katikati ya vifusi.

"Niaje, Hayat. Hizi nimwage wapi?"

Hayat aligeuka kuangalia mpaka wake. Kigingi cheupe kilikuwa pale pale nyuma ya choo. Hakuna aliyekigusa.