Leso Zilizokauka Laini

Lameck mwanangu alipotolewa uvimbe kichwani, madaktari walipitia puani. Tulipomrudisha kwake Nzuguni nikamwambia mkewe, Evodia, kwamba kufua nitafua mimi. Dawa alishika yeye, uji alikoroga yeye, na mwanangu akitaka hata maji anaita, "Eve!" Mimi niliyemzaa naulizwa tu kama nimeshakula. Basi angalau nguo ziwe zangu.

Pua ikaanza kumchuruzika, tundu moja tu. Wote tukasema mafua, na vumbi la Dodoma hili, nani hana? Evodia akawa anamfuta kwa leso, taratibu, kama anafuta kichanga chake. Mimi nikawa nakodolea nyanya ninazokata ili nisiwaone.

Leso nikaziokota nizifue. Sasa mimi nimelea watoto wa makamasi, leso ya mafua ikikauka inakakamaa. Hizi zilikauka laini, kama zimelowa maji ya bomba. Nikaenda nazo sebuleni.

"Haya si mafua."

Evodia akacheka. "Jamani mama, mpaka leso unazikagua? Unatafuta ushahidi kwamba sijui kumuuguza mume wangu?"

"Nimetaja mafua, sijakutaja wewe."

"Kila siku unanitaja! Chumvi nimezidisha, mto nimeuweka vibaya. Juzi kainama kuvaa viatu maji yakammwagika puani, nikanyamaza, maana ungesema nimemnunulia viatu vya kubana!"

"Yalimwagika? Alipoinama?"

"Ndiyo. Na ananiambia akilala yanamshukia kooni, yana chumvi."

"Anakuambia wewe."

"Amwambie nani mwingine, mama?"

Lameck akajinyoosha kwenye kochi. "Nikikaa kichwa kinaniuma. Nyie malizaneni, mimi nalala."

Evodia akanitazama, akachukua leso moja, akaifikicha kwenye vidole. Kicheko kikamwisha. Akapiga simu kule walikompasua, wakasema aletwe sasa hivi, asipenge, asiiname.

Yalikuwa maji yanayozunguka ubongo. Pale walipopitia hapakuziba vizuri, na daktari akasema vijidudu vingeweza kupanda na njia hiyo hiyo mpaka kwenye ubongo, akatufia ndani tukimpa dawa za mafua. Ndiyo maana naandika. Mgonjwa wako akishapasuliwa hivyo, ukiona maji maangavu kama ya kunywa yanatoka puani, mkimbize hospitali. Na kama nyumbani mnaoneana wivu, gombaneni kwa sauti. Msifichane.

Walimrudisha chumba cha upasuaji, wakaziba. Alipozinduka, nesi akatuambia abaki mmoja. Mimi nilishaingiza mguu mmoja mlangoni.

"Eve abaki," Lameck akasema. "Mama, nenda ukapumzike."

Nikarudisha mguu. Mwanangu yuko hai, najua, nashukuru. Lakini lile neno "Eve" lilinichoma pale pale, na hata leo akiliita nikiwa jikoni linanichoma.

Nikamkabidhi Evodia mfuko wa leso safi. "Akijifuta, usizitupe."

"Sitazitupa, mama. Nitazianika, uje uziangalie wewe."

"Usinibembeleze," nikamwambia.

"Sikubembelezi. Mimi sizijui."

Nikaondoka. Kesho yake nilifika kabla mlango wa wodi haujafunguliwa.