Mapovu Juu ya Seiran Maru

Ndani ya meli iliyozama, tope lilifumuka kama moshi wa kuni mbichi, na Nesiko asiuone tena hata mkono wake mwenyewe.

Muda mfupi tu uliopita bwana Hayase, mgeni wake kutoka Japani, alikuwa mbele yake akipapasa vigae vya bafu walimooga matajiri enzi meli hii, Seiran Maru, ikivusha abiria Pasifiki. Kisha vita vikaja, ikapakwa rangi ya kijivu, ikageuzwa meli ya kuhudumia nyambizi, hadi ndege za Wamarekani zilipoizamisha hapa visiwani Chuuk. Babu yake Hayase, baharia humo, hakutoka. Mjukuu aliinama aweke ua, na teke moja likatibua tope la miaka themanini.

Nesiko alinyoosha mkono. Maji matupu. Akagonga mtungi wake wa hewa kwa kisu. Kimya. Miaka kumi na miwili akiongoza wapiga mbizi, hajapoteza hata mmoja. Hofu ikamnong'oneza: una watoto watatu. Akaifuata mbiombio kamba ya kuongozea waliyoitandaza wakiingia, hadi mlangoni, akachomoza kwenye mwanga.

Juu kilielea kivuli cha boti ya mumewe, Kachuo, aliyemtania asubuhi: "Ukichelewa, mama watoto, shelisheli lako nalila mimi!" Kupanda kulikuwa rahisi. Angesema mgeni alikaidi, nani angembishia?

Machozi yalimjaa ndani ya barakoa ya kuzamia. Kisha akaishika kamba, akarudi gizani.

Alipapasa bomba, kigae, kutu. Mara vidole vikamnasa kifundo cha mguu kama gando la kaa. Hayase alimparamia, akamng'oa kipumulio mdomoni. Nesiko akabugia maji ya chumvi, akakipapasa, akakirudisha, akamburura mtu wake nje.

Botini, Hayase alimwinamia mpaka paji likagusa ubao. "Hukuniacha, mama. Muda wote nilijua uko karibu."

Nesiko aliikodolea macho miguu yake mwenyewe. Kachuo, ambaye tangu walipozama hakuyabandua macho kwenye mapovu, alisema kwa lugha yao, taratibu:

"Mapovu yako yalitoka mlangoni peke yake. Yakasimama. Nikahesabu hadi arobaini."

"Halafu?"

"Halafu yakarudi ndani."

Kachuo alimfunika taulo mabegani, akawasha injini. Nyuma yao, Hayase alikuwa bado anashukuru.