Mimbari ya Mjukuu wa Bi Thuwaiba

...na jirani huyu Kazija naye hachoki, mdomo keshausogeza sikioni, "shoga, ya mke wa Mansour umeyasikia?", na Bi Thuwaiba, ungo wa mchele mapajani, anaweka kidole midomoni, nyamaza, mjukuu wangu anahutubu, si kuwaidhi, kuwaidhi hata mimi nnawaidhi hapa barazani kila jioni na hakuna anishukuruye, kuhutubu ni Ijumaa, ni mimbari, ni fimbo mkononi na mtaa mzima kimya, na leo mimbari kaipanda Ridhwan wangu, Ridhwan wa kigugumizi, aliyekuwa akitumwa chumvi dukani anarudi analia, "ch-ch-ch", watoto wanamzomea, na Kazija huyuhuyu akasema, "huyu akija kusema mbele za watu, mimi ntaota ndevu"... spika ya msikiti inakoroma, "Enyi waumini, jihadharini na..." kimya... Mola wangu, kakwama, neno limemnasa kooni, mchele umemganda Bi Thuwaiba vidoleni, sema babu, sema, na Kazija anamtazama kwa pembe ya jicho, anatabasamu, shetani... "...kusengenya," inasema spika, taratibu, tamu kama haluwa, na Kazija anaruka kama aliyefinywa, lo, kumbe hakukwama, kangoja, kawaacha watu shingo zimewarefuka ndipo akalitua, mtazame Kazija kidevu, ndevu hizo zaja... lakini hebu, kungoja kule Bi Thuwaiba anakujua, ni kwake, ndivyo asimuliavyo ya watu, "basi yule mwanamke akafungua mlango..." anavuta pumzi, anajitengeza kanga, wanawake wanakufa kwa hamu, na Ridhwan chini, kichwa gotini kwake, miaka yote ile, kumbe hakuwa akisikiliza umbea, alikuwa akisoma pumzi, maneno kayapata chuoni, pumzi kazipata hapa... "Mwenye kumsengenya nduguye kamla nyama," spika inasema, kimya, bado, bado babu, sasa, "...nani kati yetu hajamla?"... ananisema mimi, mtoto huyu, ananisema mtaa mzima ukisikia, kwa ulimi niliompa mwenyewe, na kifua kinamfura Bi Thuwaiba kwa fahari hadi kanga inambana... "Shoga," ananong'ona Kazija, "mke wa Mansour, jana..." na hamu ipo, Mola amsamehe, inamwasha ulimi, lakini spika imenyamaza tena, na kimya kile ni chake, nani akivunje? "Nyamaza, Kazija," anasema, vidole vinarudi mcheleni, "nnahutubu."