Mguu wa Nne wa Meza ya Shangazi

Usiku wa jana niliota mpira mweupe wa meza ya puli ameketi ukingoni mwa kitanda changu, amekunja nne ingawa hana miguu, ananiuliza shida yangu.

"Nimepoteza barua ya ajira," nikamwambia. "Ualimu wa hisabati, Sumbawanga. Natakiwa kuripoti nayo Jumatatu, na leo ni siku ya tisa naitafuta."

"Naijua ilipo," akasema. "Ila tutafuata utaratibu. Vaa kandambili."

Nikavaa. Tulipofungua mlango, mji wetu wa Tukuyu haukuwepo. Kulikuwa na kitambaa cha kijani mpaka macho yanapoishia.

"Hii ni meza ya snuka," akasema Mweupe. "Ni ya watu wenye subira."

Mipira myekundu kumi na mitano imepanga foleni. Mbele kabisa amekaa mpira mweusi, Mweusi mwenyewe, ana mhuri. Namwendea moja kwa moja.

"Rudi," ananiambia bila kuinua uso. "Anaanza mwekundu, ndipo mwenye rangi. Halafu mwekundu, ndipo mwenye rangi. Mpaka wekundu waishe."

"Mzee, mimi naulizia barua tu."

"Kila mtu anaulizia tu."

Mwekundu mmoja anatumbukia tunduni, harudi. Anafuata wa kijani. Anatumbukia, na papo hapo anatokea tena palepale alipokuwa, anajikung'uta vumbi.

"Pole, kaka. Wamekukataa?"

"Sisi wenye rangi huwa tunarudishwa," akasema. "Leo mara ya ishirini. Kwani wewe ulimaliza chuo mwaka gani?"

Nilitaka kumshika bega, lakini hakuwa nalo.

Mweupe akanivuta. Tukakata kona, tukawa juu ya meza nyingine, ndogo, isiyo na tundu hata moja. Mipira mitatu inagongana polepole, na kila ikigongana inaamkiana.

"Hii ni biliadi," akaeleza mmojawapo, wa manjano. "Huku hatumtumbukizi mtu. Tena ukimgusa mmoja, lazima umguse na wa pili. Hatutaki mtu ajione ametengwa."

Machozi yalinilenga. "Hivi ndivyo dunia ingetakiwa kuwa! Nahamia huku."

"Karibu sana. Ila huku hakuna pa kutokea. Jumatatu utaripoti vipi?"

Nikawaaga wote watatu, maana kumuaga mmoja peke yake ilikuwa kosa.

Nikageuka, na tayari nimesimama nyumbani, kwenye banda la bati la Shangazi Tusajigwe, mbele ya meza yake ya puli. Meza inakohoa.

"Lwitiko, barua yako nimeikanyaga mimi."

Nikainama. Chini ya mguu wa nne kuna bahasha ya kaki, imekunjwa mara mbili. Sakafu ya banda imeinama kuelekea mtaroni, na Shangazi huisawazisha meza kwa kitu chochote kigumu kitakachokuwa karibu na mkono wake. Nikaivuta. Haitoki.

"Taratibu, bwana!" ikafoka meza. "Ukiichomoa, naegemea. Mipira yote itakimbilia tundu moja. Wachezaji watahamia kwa jirani, na shangazi yako atabaki kunifuta vumbi. Unadhani nani alikusomesha?"

Nikakaa sakafuni. Upande mmoja Sumbawanga na wanafunzi wangu ambao sijawaona. Upande mwingine Shangazi.

"Kuna sheria," Mweupe akaninong'oneza. "Mtu akipiga, lazima mguu wake mmoja uwe sakafuni."

"Naijua."

"Sheria haisemi uondoke nao."

Nikautazama mguu wangu wa kushoto. Tumetoka mbali, mimi na yeye.

"Chukueni," nikasema. "Ila msimwambie Shangazi, atalia."

Meza ikacheka mpaka chaki ikaanguka.

"Kijana ana moyo huyu! Mimi si katili. Acha tu ulichouvalisha. Haya, shika fimbo. Kabla hujapiga, taja unakopeleka mpira."

"Sumbawanga."

"Taja vizuri, tusikie sote!"

"Sumbawanga!"

Fimbo ikapiga yenyewe.

Nikaamka. Kumeshakucha. Mikono yangu mitupu, na kutoka bandani nasikia Shangazi anapiga kelele.

"We Lwitiko! Nani kachokonoa meza yangu? Bahasha niliyoiweka mguuni naikuta juu ya kitambaa. Tena ina jina lako! Mbona hukusema ni yako?"

"Meza imeinama, Shangazi?"

"Imeinama wapi! Imetulia kama maji ya beseni. Tangu niinunue haijawahi kutulia hivi. Umeiwekea nini?"

"Sijaweka kitu, Shangazi!"

Nilisema kwa moyo mweupe kabisa. Kisha nikashusha miguu, nikapapasa chini ya kitanda kutafuta kandambili.

Ilikuwepo ya kulia tu.