Kanuni Ambayo Hujatufundisha

Shule nzima ilimwita Mwalimu Hishi. Aliyeanza hakujulikana, maana jina la utani halina cheti cha kuzaliwa. Hishi ni 'he' na 'she', maneno mawili ya Kiingereza ambayo alikuwa ameyapigania kwa miaka thelathini na mmoja kama watu wanavyopigania mpaka wa shamba. Sisi wenye "yeye" mmoja, anayemtosha bibi na babu, bwana harusi na bibi harusi, tuna tabu kubwa na jambo hili. Mtu mzima na tai yake shingoni atasimama mbele za watu amtaje mke wake kwa 'he', kisha ashangae watu wanacheka nini.

Kando ya mlango wa darasa lake palikuwa na msumari, na kwenye msumari kulining'inia kipande cha ubao chenye kamba, ukubwa wa daftari. Kiliandikwa kwa rangi nyekundu: MIMI NI HE AU SHE? Mwanafunzi aliyemwita shangazi yake 'he' alikivaa shingoni mpaka amsikie mwenzake akikosea, ndipo amrithishe. Wengine walikwenda nacho nyumbani. Mzazi akija kulalamika, Mwalimu alikuwa na jibu lake tayari: "Mchelea mwana kulia hulia yeye. Afadhali achekwe humu ndani na wenzake kuliko kuchekwa huko nje na dunia." Mzazi akaondoka akiwa ameshukuru, na pengine ameacha barua ya kuandikiwa.

Kwa maana mtaani, barua zote za Kiingereza zilipita mezani kwake: za kuomba kazi, za kuomba chuo, za kumlilia mfadhili aliyenyamaza. Hakutaka ujira. Alitaka tu kusikia mtu akisema, "Hii kaandika Mwalimu, usiihakiki." Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na sifa hiyo ndiyo aliyotarajia kwenda nayo nyumbani.

Jumatatu moja saa kumi jioni, Mama Cherehani alibisha hodi akiwa na binti yake. Mama Cherehani alikuwa fundi wa nguo, mjane, jirani wa nyumba ya tatu. Kiharusi kilimlaza miaka miwili, na alipoinuka aliendesha cherehani kwa mguu mmoja. Binti alikuwa amemaliza shule mwaka uliopita, wa kwanza darasani, na chuo cha uuguzi cha ng'ambo kilikuwa kimemkubalia nafasi. Kilichobaki kilikuwa barua moja tu ya mwalimu wake wa Kiingereza, na Mwalimu Hishi alikwisha kuiandika mwenyewe, kwa moyo wote, ikatumwa.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema binti.

"Marahaba. Mbona sura hizo? Mmefiwa?"

"Bado," alijibu Mama Cherehani, ambaye kiharusi hakikumpunguzia mdomo. "Ila tuko njiani. Soma."

Mwalimu akasoma. Chuo kilieleza kwa upole wa kiofisi kwamba aya iliyo muhimu kuliko zote katika barua ile ilimsifu kijana wa kiume. Walishuku kwamba barua iliandikwa kwa ajili ya mtu mwingine, na huyu msichana akapachika jina lake. Alikuwa na muda hadi Ijumaa kuthibitisha vinginevyo. Baada ya hapo nafasi ingekwenda kwa anayefuata kwenye orodha.

Akaomba nakala ya barua yake mwenyewe, akashusha miwani. Aya ya tatu ilisema, kwa Kiingereza safi, kwamba kwa miaka miwili alimuogesha mama yake aliyepooza, akamlisha kwa kijiko, na bado hakukosa darasa hata siku moja. Kwa Kiswahili sentensi hiyo haina tatizo. Ile "a" ya mbele haivai suruali wala sketi. Lakini kwa Kiingereza aliyeogesha, aliyelisha na ambaye hakukosa darasa alikuwa 'he', mara tatu, mfululizo.

Akaibwaga barua mezani. Mdomo nao ukatangulia akili.

"Huyu mpiga chapa!" alisema. "Kanivurugia barua."

"Nilijua tu!" Mama Cherehani akajipiga paja. "Wewe ukosee hi na shi? Labda jua litoke magharibi. Nilimwambia huyu, Mwalimu hawezi, kuna mkono wa mtu."

Binti aliinamisha kichwa. Alikuwa akitazama vidole vyake.

Jioni hiyohiyo Mwalimu alituma barua pepe chuoni: kosa lilikuwa la mpiga chapa, samahani kwa usumbufu. Akalala akijiambia kuwa si uongo mkubwa. Jumatano majibu yakaja. Walishukuru kwa maelezo, na wakaomba kitu kimoja chepesi, picha ya rasimu iliyoandikwa kwa mkono.

Duka la chapa lilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta mbili na mashine ya kutolea nakala iliyokuwa ikikohoa zaidi ya mwenye pumu. Mwenye duka, Dada wa Chapa, hakuwahi kutupa rasimu ya mteja. Alizitia kwenye boksi la viatu kwa mpangilio wa miezi, kwa sababu, alivyosema, wateja wana lawama. Kumpatia Mwalimu ya kwake hakuchukua hata dakika tatu. Akaiweka rasimu juu ya meza, akainyoosha kwa kiganja.

Ilikuwa kwa mkono wake Mwalimu, wino wa buluu, herufi zilizolalia kulia. 'He'. 'He'. 'He'.

"Ulipoona hivi hukushtuka?" aliuliza Mwalimu.

"Nilishtuka sana."

"Sasa?"

"Sasa nini, Mwalimu? Mimi nani nikusahihishe wewe? Kidato cha pili nilivaa ubao wako siku tatu, mpaka shingo ikachubuka. Wewe ukiandika 'he', mimi napiga 'he'. Ungeandika 'it' ningepiga 'it'." Alisema bila hasira, huku akimpa mteja mwingine karatasi zake. "Na nasikia umesema ni mimi niliyekosea. Watu wameanza kuniuliza."

 Mwalimu aliomba rasimu, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. Alipaswa kuipiga picha palepale na kuituma, jambo la nusu dakika. Hakuituma siku hiyo, na Alhamisi asubuhi akaingia nayo darasani ikiwa bado mfukoni, na kila alipoinama kuandika ilimchoma kifuani.

Alijua vizuri sana ile 'he' ilikotoka. Alipoandika aya ile hakuwa akimwona binti wa Mama Cherehani. Alikuwa akimwona mtoto wa kiume wa miaka kumi na minne, yeye mwenyewe, akibeba beseni kutoka kitandani kwa mama yake kabla ya jua kuchomoza. Siku moja mtoto huyo alichelewa shule. Mwalimu wa Kiingereza akamtaka aeleze sababu kwa Kiingereza, naye akaeleza kama alivyoweza: "My mother, he is sick." Mwalimu akauliza, "Kumbe mama yako ni mwanamume?" Darasa likacheka mpaka madawati yakagongana. Akaitwa Mama Dume kwa muhula mzima. Mama alipofariki, darasa lilichanga rambirambi, na mwenzake mmoja akamuuliza, kwa uso mkavu kabisa, aliyekufa ni baba au mama.

Siku hiyo aliapa kwamba hakuna atakayemcheka tena kwa lugha hii. Akaisoma kwa meno. Akaifundisha kwa meno. Na wala hakuwahi kujiuliza, katika miaka thelathini na mmoja, ubao ule aliurithi kwa nani.

Wakati wa mapumziko binti alimfuata kwenye chumba cha walimu. Mama yake alikuwa amemtuma aulize kama chuo kimeridhika.

"Kaa, mwanangu," Mwalimu alisema. Walimu wengine walikuwa nje na chai zao. "Barua ile uliisoma kabla ya kuituma?"

"Niliisoma."

"Aya ya tatu uliiona?"

"Niliiona."

"Ukanyamaza?"

"Nilijua 'she' ndiyo sawa, Mwalimu. Nikarudia kusoma. Nikafikiri labda ni kanuni ambayo hujatufundisha."

Hakuwa akimkejeli. Laiti angekuwa anamkejeli, Mwalimu angekuwa na pa kushika. Aliongea kama mtu anayeomba radhi kwa kutojua, huyu aliyekuwa wa kwanza darasani. Mwalimu akatoa rasimu mfukoni, akaikunjua mbele yake.

"Si mpiga chapa," alisema. "Ni mimi."

"Najua. Dada wa Chapa aliniambia jana."

"Mbona hukumwambia mama yako?"

"Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe." Kisha akaongeza: "Kidato cha kwanza niliwahi kuuvaa ule ubao wiki nzima. Nilisema mama yangu 'he' amelazwa. Ndiyo wiki aliyopooza."

Mwalimu alijaribu kuikumbuka wiki hiyo na hakuikumbuka. Kwake ilikuwa wiki kama nyingine. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote, na aliona aibu hata kulitamka.

Alasiri yote aliandika. Aliandika kwamba kosa ni lake, kwamba lugha yake ya kwanza haitofautishi mwanamume na mwanamke katika neno hilo, kwamba yeye ni mwalimu wa Kiingereza wa miaka thelathini na mmoja na amekosea jambo la kidato cha kwanza, na kwamba msichana aliyesifiwa ndiye huyohuyo. Ijumaa asubuhi aliipeleka kwa mwalimu mkuu ipigwe muhuri. Mwalimu mkuu, naye mwanamama, aliisoma mara mbili, muhuri ukiwa hewani.

"Una hakika? Nakala itabaki kwenye faili lako. Mwakani ndio tunakuaga."

"Piga, Mama."

Ikatumwa pamoja na picha ya rasimu saa sita mchana. Mwalimu akavuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Kitu kimoja hakukifikiria, yeye aliyewafundisha wanafunzi kutaja saa kwa Kiingereza mpaka nukta ya mwisho: huko ng'ambo saa zao ziko mbele ya zetu. Saa sita yake ilikuwa jioni yao, na ofisi ilikuwa imekwisha kufungwa.

Jumatatu wakajibu. Walimshukuru kwa ukweli wake. Walisikitika kwamba barua ilifika baada ya muda, na nafasi imekwisha kutolewa. Rasimu ingefika Jumatano walipoiomba, ingetosha. Mwombaji anakaribishwa kuomba tena mwakani.

Alikwenda mwenyewe kwenye duka la Mama Cherehani, akamweleza kila kitu, tangu kosa mpaka uongo mpaka siku mbili alizokaa na karatasi mfukoni. Mama Cherehani hakuinua macho mpaka aliposikia "mwakani". Ndipo akaondoa mguu kwenye cherehani, gurudumu likazunguka lenyewe kidogo, likasimama.

"Mwaka mzima, Mwalimu," alisema. "Kwa aibu yako ya siku mbili."

 Mwalimu alikuwa na lugha mbili na hakuna hata moja iliyompa neno. Akatoa bahasha yenye barua mpya, ya mwakani, akampa binti aliyekuwa kando, na juu yake akaweka kalamu yake nyekundu.

"Isome. Ukiona kosa, kata."

Binti aliishika kalamu akiigeuzageuza. "Safari hii nitakata," alisema. Hakutabasamu. Akavuta kigoda, akaanza kupindia gauni la mteja, maana kazi ilikuwa imejaa na mwaka ni mrefu.

Kutoka hapo Mwalimu alipitia duka la chapa. Dada wa Chapa alimsikiliza akikiri kosa lake mbele ya wateja wanne, kwa kuwa mbele za watu ndiko alikotajwa vibaya. "Nimesikia," alisema, akaendelea kupiga chapa.

Jumanne kipindi cha pili, kidato cha kwanza, mlango ulifunguliwa somo likiwa katikati. Alikuwa msichana mdogo wa dawati la mwisho, jasho usoni, kiatu kimoja hakijafungwa kamba.

"Kwa Kiingereza," wenzake wakamkumbusha kwa mnong'ono, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa sheria.

Akajifuta jasho. "Sorry, sir. My mother, he is sick."

Darasa likaguna kwa furaha. Macho arobaini na kitu yakaenda kwenye msumari. Ubao ulikuwa bado pale, Mwalimu hakuwa amepata ujasiri wa kuutoa, na aliyeketi karibu nao alikwisha kunyoosha mkono autungue. Mwalimu alihisi neno la Kiingereza likimjia mdomoni lenyewe, neno la kusahihisha, kama lilivyomjia maelfu ya mara.

Akalimeza.

"Anaumwa nini?" aliuliza.

Aliuliza kwa Kiswahili, jambo ambalo darasa hilo halikuwahi kulisikia kutoka kwake, na wengine wakadhani ni mtego. Msichana aliutazama ubao kwanza, kisha akamtazama yeye, kisha akaanza kueleza.